Ugali Kabla ya Valencia

Ugali wa tatu uliungua siku ya Jumatano, na Joyce akatangaza kwamba safari imefutwa.

"Mama, jamani!" Elia alilalamika, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi. "Tiketi imeshakatwa."

"Tiketi hailiwi. Mpaka nione ugali umeiva, hapa hatoki mtu."

Mtaa mzima wa Rahaleo ulikuwa na habari. Tangu Februari, mwaka huo wa 2004, barua ya kazi ilikuwa imefika nyumba ile kwa mkono wa masista: kutunza wazee huko Valencia, Hispania. Joyce, mjane na muuguzi wa miaka mingi, hakuwa mtu wa kutangaza mambo yake. Aliamini safari ikisemwa sana huingia mkosi. Lakini mtaa una masikio, na vijana walishamwagiza Elia jezi. Yeye alicheka tu.

Elia alikuwa karani bandarini, umri miaka ishirini na sita, na tangu azaliwe hakuwahi kuchemsha hata yai. Kosa la nani? La mama, na mama alilijua vizuri. Mtoto wa pekee alidekezwa mpaka soksi alifuliwa.

Basi kila jioni kukawa na darasa uani. Kupika, kufua, kupiga pasi. Jirani yao Mwajuma, Mmakonde mwenye maneno yake, alichungulia juu ya ua akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Elia! Unancheza mwanao unyago?"

"Na nimechelewa, dada yangu."

Hata kulisha kuku Elia alifundishwa. Mwajuma akashangaa kimoyomoyo: kumbe Hispania nako wanafuga.

Kaseti ya Kihispania nayo haikunyamaza. Ililia asubuhi, ikalia mchana, Elia akiwa kazini. Mwajuma akawaeleza majirani kisimani, "Mama naye anashika maneno. Asije akakosa la kumwambia nkwe Mzungu."

Mwajuma huyo huyo ndiye aliyeokoa jahazi. Alhamisi aliingia na unga wake wa muhogo, akamsimamia Elia jikoni. "Songa kwa nkono wote! Unaupapasa wa nini, umekuwa paka?"

Ijumaa mama na mwana walikaa mkekani, sahani katikati. Joyce alikata tonge, akatafuna taratibu. Elia alimwangalia mdomo kama mtu anayesubiri hukumu.

"Utaweza kukaa peke yako?" Joyce akauliza ghafla.

"Nitaweza, Mama."

"Ukiumwa je?"

"Nitakwenda hospitali. Mama, ugali vipi?"

Joyce akameza. "Unalika," akasema, na machozi yakamtoka pale pale. Alisingizia moshi, na jiko lilikuwa limezimwa zamani. "Haya. Safari ipo."

Asubuhi yake walikwenda uwanja wa ndege, Mwajuma akiwa nao, amefunga korosho kwenye pindo la kanga. Alimkumbatia Elia akalia bila aibu.

"Sasa mama yako nani atamwangalia, mwanangu?"

"Mungu yupo, Mama Mwajuma," Elia akajibu, naye analia. Akazipokea zile korosho, akazitia ndani ya mkoba uliokuwa miguuni pa mama yake.

Abiria wakaitwa. Joyce akavaa koti lake zito, akainua mkoba, akaelekea kwenye ndege. Juu ya ngazi aligeuka, akawatazama wawili hao waliobaki kwenye uzio, akapaza sauti:

"Elia! Yale maharage uliyaepua?"