Kiti cha Bi Kidawa

Katika mji ule, diwani aliyechaguliwa alikuja kwenye ukumbi wa halmashauri na kiti chake kutoka nyumbani. Akishindwa, alikibeba mwenyewe kukirudisha, watu wakimtazama.

Bi Kidawa alishinda baada ya kugombea miaka mingi. Asubuhi alifika na kiti kichwani, akamkuta mlinzi, Mzee Songoro, akifunga mlango wa ukumbi kwa mnyororo. Nje kulikuwa na rundo la viti vya madiwani wa zamani, ambavyo wenyewe hawakuwa wamekuja kuvichukua.

“Rudi nyumbani, mwanangu. Halmashauri imevunjwa. Tumeunganishwa na mji wa ng'ambo ya mto.”

“Na walionichagua nao wamevunjwa?”

“Wao wapo.”

“Basi na mimi nipo.”

Akashusha kiti chake kwenye baraza, akakifuta kwa ncha ya khanga, akaketi. Mzee Songoro akautia ufunguo mfukoni.

Jua lilipopanda, mama mmoja mwenye ndoo tupu alisimama mbele yao.

“Diwani, bomba la mtaa wetu limekauka.”

“Kaa, mama, unieleze.”

Mama akatazama huku na huku, asione pa kukaa. Mzee Songoro akaliendea lile rundo, akachomoa kiti cha bwana aliyekuwa akimshinda Bi Kidawa kila uchaguzi, akakipangusa vumbi.