Pazia la Ohana

Sabato ile tunayosoma jinsi Mungu alivyowataka wazee wetu jangwani wamjengee hema kwa vitu wanavyovitoa kwa moyo, Ohana naye alitoa. Alitoa pazia jipya la kabati linalotunza gombo la Torati pale sinagogini, mahameli ya zambarau, na katikati jina lake kwa nyuzi za dhahabu, kila herufi kama sahani. Mpenda sifa yule!

"Na jina la Mungu je?" nilimnong'oneza shangazi, kule juu tunakokaa wanawake.

"Lipo pembeni. Vaa miwani."

Heshima ya kufungua pazia akapewa mwenyewe. Tukasimama wote. Akavuta kamba kidogo, herufi za mwanzo zikamezwa na mikunjo. Kuona jina lake linaliwa, akasita, pazia likabaki nusu.

Mzee wa sinagogi akalitwaa gombo kabatini, akajaribu kutoka nalo kifuani, akakwama.

"Vuta, bwana wee!" mzee akamfokea. "Torati haipenyi kama mwizi!"

Ohana akavuta, jasho likimtoka.

Gombo likapita, watu wakiimba, wakinyoosha mikono waliguse, kisha wabusu vidole vilivyoligusa. Ohana alikuwa ameligeuzia mgongo. Alikuwa ananyoosha mikunjo.