Ngozi ya Ngoma Mpya

Ndila, jirani yao, aliapa kwamba ni fisi aliyemla punda wa Kaluki. Alisema aliona kwa macho yake mawili akitoka kuokota kuni: fisi amemshika punda tumboni, matumbo yanaburutwa kwa mchanga kama kamba ya ndoo, na punda mwenyewe bado analia. Alisimulia akitema mate kando kila baada ya maneno machache. "Usiende kutazama, Kaluki. Mtu mgonjwa akiona vile, chakula hakitapita tena."

Kaluki hakwenda siku hiyo. Malaria ilikuwa imemnyonya mpaka kusimama ni kwa kushika ukuta. Lakini alipopata nguvu kidogo alishuka mpaka mto Tiva, pale Ndila alipotaja, akatembea mchangani polepole akitazama. Hakuona mfupa. Hakuona damu. Na nyumbani, kamba ya Meneja ilikuwa imekunjwa vizuri, imetundikwa kwenye msumari wake. Fisi gani hukunja kamba?

Meneja ndilo jina alilompa huyo punda, kwa vile alivyojibeba. Alimpata kwa jasho la kusuka vyondo, vile vikapu vya katani. Bila yeye, maji ya kunywa na maji ya kuuza yangepanda kutoka mtoni kwa mgongo wa Kaluki, na mgongo wenyewe sasa ulikuwa mifupa mitupu.

"Nikimjua aliyemchukua," alimwambia mama yake, Kavata, "atanieleza mbele ya chifu."

Mama yake alichochea moto. "Pona kwanza."

Jumamosi Kaluki alirudi kwa Ndolo. Kila Jumamosi, nyuma ya duka la Ndolo hapo soko la Kanyangi, walikutana watu wa ngoma. Si wachezaji, ni watengenezaji. Mmoja analeta ngoma iliyopasuka, mwingine gita lililong'oka shingo, na hakuna anayelipwa; raha yao ni kukisikia kitu kikilia tena. Kaluki ndiye aliyesokota kamba za katani na kushona ngozi. Alikuwa mwanamke pekee kati yao, na mshono wake haujawahi kuachia.

"Aii, fundi amefufuka!" Ndolo akapaza sauti. "Tulidhani tutakuwamba wewe."

"Huyu?" akasema Hemedi, mpigaji wao. "Mifupa ingetoboa ngoma."

Harufu ilimfikia kabla hajawajibu. Ndani ya pipa lililokatwa nusu, ngozi ilikuwa imelala kwenye maji ya jivu, maji mazito yenye povu, funza wakielea juu kama wali. Ndolo aliivuta kwa mikono mitupu. Ikatoka ikiteleza, ikichuruzika, akaitandaza juu ya gogo na kuanza kukwangua manyoya kwa kipande cha chupa. Mengine yakamrukia kwenye ndevu. Akacheka nayo hivyo hivyo.

Kaluki aliziba pua kwa leso. Kisha akauona mstari mweusi wa mgongoni, na mwingine umeukata mabegani kama msalaba.

"Hiyo ni punda."

"Ngoma haiulizi ngozi kabila," akasema Ndolo.

"Mimi kazi yangu kupiga," akasema Hemedi. "Mradi nisiambiwe nilambe."

Ubavuni palikuwa na kovu. Kovu la mshono wa kupishana, mshono wa mtu anayesuka vyondo. Kaluki aliushona mwenyewe, wakati Meneja alipochanwa na seng'enge.

"Mmeitoa wapi hii?"

Ndolo aliacha kukwangua. "Alinipa Mwangangi wa bucha. Kwani kuna nini?"

"Na nyama?"

Ndolo alitazama upande wa bucha.

Kaluki alitapika kando ya pipa. Tangu augue, mtu wa zahanati aliposema damu imekwisha na ni lazima ale nyama, mama yake alileta nyama kutoka kwa huyo huyo Mwangangi, akaichana vipande, akaikausha kwa moshi wa jikoni, akampikia kila jioni. Alisema kiangazi kama hiki cha mwaka wa themanini na nne nyama ni rahisi, watu wanachinja kabla ng'ombe hajaanguka. Yeye mwenyewe hakuionja, alisingizia meno. Kaluki alikuwa akilamba bakuli. Alikuwa akiomba mchuzi.

Huko bucha, Mwangangi alikuwa akifukuza nzi. Aliposikia habari za punda alipangusa kisu kwenye aproni yenye damu kavu, upande huu, upande ule.

"Mimi si mwizi, dada. Nililetewa na mama mmoja wa huko kwenu."

"Anaitwa nani?"

"Aliniomba nisimtaje."

Hilo lilimtosha Kaluki. Ni mama gani mwingine wa huko kwao aliyemwona fisi?

Njia nzima alitema mate. Ladha ilikuwa imemganda kwenye ufizi kama mafuta ya jana, na kila alipomkumbuka Ndila na ule uso wake wa huruma, aliongeza mwendo. Mtu anakuibia punda, halafu anakuja kukupa pole!

Alimkuta mama yake amekwisha kupakua.

"Mwaitu, mama yangu, mwaga hiyo nyama," alisema akiwa bado mlangoni. "Ni Meneja. Ndila alimwiba akamuuza kwa Mwangangi, na Mwangangi akakuuzia wewe. Nimekula punda wangu, mwaitu! Kesho Ndila atasimama kwa chifu."

Kavata hakushtuka. Alifunika sufuria, akaketi vizuri kwenye kigoda.

"Ndila mwache. Ni mimi nilimwomba aseme fisi."

Akamnyooshea bakuli kwa mikono miwili, vile mtu humpa mgeni.

"Maliza hii, mwanangu. Ndiyo ya mwisho."