Pasaka Utaila Nyumbani

Kwa kuigiza mgonjwa mahututi, mji mzima wa Braşov hamna mtulivu kama mimi. Madaktari wa saratani hujifunza kwangu namna ya kumwambia mtu kwamba anakufa. Nakohoa kwa adabu, sikasiriki ng'o.

Leo akaingia daktari mwenye tai ya bluu. Akanipigapiga gotini kwa vidole viwili. "Acha woga, bwana mdogo. Pasaka utaila nyumbani."

Vidole vilevile, maneno yaleyale aliyompa baba yangu alipomtibu wodini. Baba akayaamini, nasi tukayaamini. Akafa peke yake kama mbwa, bila wa kumshikisha mshumaa uliowashwa, kama ilivyo desturi yetu kwa anayekata roho.

Nikamkwida tai. "Muongo mkubwa wewe! Baba yangu je, Pasaka aliila wapi?"

Mkufunzi wa madaktari, aliyekuwa pembeni akitutazama, akasimama. "Costel," akasema taratibu, "si uliniapia nilipokupa kazi hii kwamba hujawahi kufiwa?"