Mikia Mitatu

Mtaalamu wa maji alipoinama kijitoni kuosha wavu, nikamwona: mdudu mdogo mwenye mikia mitatu, hai, akijikokota pembeni mwa sinia letu jeupe.

Sikumtaka. Mdudu huyu hawezi kuishi kwenye maji machafu, na sisi tulikuwa tumechota chini ya bomba la kiwanda cha ngozi. Miaka kumi na moja nimepiga kelele kwamba bomba hilo linaua kijito. Leo ndiyo kwanza wakaguzi wameleta mtu wa kuhesabu wadudu, na fomu yake ndiyo itakayoamua bomba lizibwe au liachwe. Hadi dakika hiyo sinia lilikuwa na minyoo myekundu mitupu, ile ipendayo uchafu.

"Mjomba, kuna kingine?" aliuliza bila kugeuka. "Au nifunge hesabu, ukalale na ushindi wako?"

Nikamfunika mdudu kwa kidole gumba.

Nakumbuka wakaguzi walipokuja mara ya kwanza. Wenye kiwanda walilifunika bomba kwa matawi, wakaapa kwamba hakuna bomba. Niliwaita waongo wa mchana kweupe, mbele ya watu, na sijawahi kuwaomba radhi.

Chini ya kidole, vijiguu vilinikwaruza. Labda alisombwa na maji safi kutoka huko juu, kabla ya bomba. Labda. Lakini ile fomu haina mahali pa labda.

"Haya, nafunga, mjomba."

"Usifunge," nikasema, nikainua kidole. "Njoo na kalamu."