Kifunguo cha Shingoni

Miaka tisa Mwanakheri alivaa shingoni kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Bila hicho, programu ya kurekodia muziki haikufunguka, na harusi tatu za kwao zilimpita akiwa studio. Hii ya nne kaja, safari ya siku nzima.

Mpiga kinanda wake akapiga simu kutoka studio. “Dada, waimbaji wamefika. Programu haifunguki.”

Mkono ukaenda shingoni. Kifunguo kipo. Kisha akakumbuka: tangu juzi leseni ya programu imehamia mtandaoni, kifunguo hakihitajiki tena.

“Andika jina langu na nywila niliyokuachia.”

Vitufe vikasikika vikibonyezwa. Halafu programu ikafunguka, ngoma ya wimbo ikalia simuni.

“Hirizi gani hiyo, mwanangu?” shangazi yake akauliza.

Mwanakheri akaivua, akamvika. Shangazi akaingia uwanjani kucheza, kifunguo kikirukaruka kifuani.