Shangazi Zuhra Aenda Likizo

Sheria ilitaka kila nyumba ya likizo iwashikishe wageni mila za watu wenye mapambo yake, na nyumba zenyewe, zenye akili, ndizo zilizoisimamia. Shangazi Zuhra, aliyefiwa na mumewe mwezi uliopita, alipoomba nyumba yenye sura ya Kiswahili, Mwanamkuu wa ofisi ya kukodisha alimchagulia yenye zidaka za ukutani na kitanda cha samadari. Shangazi huyo ndiye aliyemfukuza mama yake Mwanamkuu nyumbani baba alipokufa, eda haijesha.

Jioni simu ikalia.

"Mwanangu, vioo vimejifunika. Mlango haufunguki."

"Nyumba imejua umo edani, shangazi. Itakutunza mpaka uimalize."

"Utaniacha humu peke yangu?"

"Mama alikaa eda yake barazani kwa watu."

Mwanamkuu akakata simu, akakaa akiingoja furaha.